Waini nyekundu ya bei poa: anza na sufuria, chupa baadae

Tangu nihamie Dodoma kuna swali mashosti zangu hawaachi kuniuliza, eti waini nyekundu nzuri ya bei poa ni ipi, na mimi jibu langu huwa ni swali, leo umepika nini? Wengi wanaona kama nawakwepa. Siwakwepi jamani. Nina miaka sita hapa na karibu kila Jumamosi mimi na wifi yangu tunafungua chupa moja na chakula cha usiku, bajeti yetu haivuki shilingi 20,000 kwa chupa, na nilichojifunza ni kwamba waini ileile unaweza kuichukia saa moja jioni ukiwa hujala kitu halafu saa mbili nyama ikishaiva ukaipenda hasa.

Mimi ni mtoto wa Mtwara, nimekua nakula mabibo, kwahiyo ule ukakasi naujua vizuri, ukila bibo ambalo halijaiva sawasawa ulimi unakamatwa, mashavu yanavutwa kwa ndani, mdomo unakauka kabisa. Sasa siku ya kwanza nimeonja drai nyekundu, yaani waini isiyo na utamu wa sukari, ya hapahapa Dodoma ndo hivyohivyo, nikaweka glasi chini nikamwambia wifi hii kitu imeharibika. Akasema subiri. Akaleta mbavu za mbuzi zimetoka kwenye mkaa, mafuta bado yanachuruzika, chumvi tu na kachumbari pembeni. Nikala vipande viwili vitatu nikanywa tena. Yaani ilikuwa waini nyingine kabisa, laini, harufu ya zabibu imetokea, na ile nyama nayo ikawa haikinaishi, kila ukinywa funda mdomo unakuwa msafi unataka kipande kingine.

Nikaanza kufuatilia kwanini. Ule ukakasi unatokana na tanini, inakaa kwenye maganda na mbegu za zabibu, na waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake ndo maana ina tanini nyingi kuliko nyeupe. Tanini inapenda kushikana na protini, ukinywa bila chakula inashikana na protini za kwenye mate yako, ule utelezi wa mdomoni unapotea na mdomo unakauka. Ukila nyama yenye mafuta na chumvi inapata kitu kingine cha kushika. Hata chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika iko hivyo, ukali wake ni tanini, ukiimwagia maziwa ukali unapungua kwasababu protini za maziwa zimeishika. Ukishaelewa hilo la chai umeelewa nusu ya mambo yote ya waini nyekundu na chakula.

Kwahiyo kabla sijaenda dukani naangalia sufuria. Kuna mafuta kiasi gani, kuna pilipili, kuna nyanya au ndimu, kuna nazi?

Mbuzi wa kuchoma, mbavu za ng'ombe, kitimoto ya kukaanga na ndizi, hapo nachukua drai ya Dodoma bila kufikiria mara mbili. Huku zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwasababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, na zabibu nyekundu iliyozoeleka hapa inaitwa Makutupora, jina la sehemu ambapo pia kuna kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania. Waini yake ni ya rangi iliyokolea na ina ukavu fulani, mtu akiinywa peke yake anasema kali, na ndo inavyopata sifa mbaya kwa watu walioionja kwenye sherehe bila kitu mdomoni! Inaniuma sana hiyo, kwasababu ni zabibu za wakulima wetu na inabebeshwa makosa ambayo ni ya mezani.

Rosti ya ng'ombe yenye nyanya nyingi inataka uangalifu kidogo. Nyanya ina uchachu wake, na waini isiyo na uchachu ukiiweka mbele ya rosti inapooza, unakuwa kama unakunywa maji yenye rangi. Hapo drai za Dodoma bado zinafanya kazi ila kama una hela kidogo ya ziada tafuta Pinotage ya Afrika Kusini. Hiyo ni zabibu yao wenyewe, ilitengenezwa Stellenbosch mwaka 1925 na profesa Abraham Perold, alichanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut, na ina harufu fulani ya moshi ambayo na rosti iliyoshika chini kidogo, ile yenyewe ya jikoni la mkaa, inakubaliana mno. Pilau nayo, ya bizari nzima na karafuu na pilipili manga, naipenda na Shiraz, aina nyingine ya waini nyekundu, kwasababu Shiraz yenyewe ina kaharufu ka pilipili manga.

Sasa pilipili, ile mbuzi au kichaa. Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Pilipili inafanya kilevi kichome zaidi na ukakasi uongezeke, kwahiyo drai yenye nguvu na makange ya pilipili ni kujiumiza bure. Hapo sukari ndo rafiki. Zile nyekundu tamu kama Four Cousins ambazo wajuaji wanazidharau, ziweke kwenye friji zipoe vizuri, nywa na makange ya kuku yenye pilipili ya maana, utaona utamu unavyozima moto na nyama inabaki na ladha yake. Mtu asikuambie waini tamu ni ya wasiojua. Inategemea upo na sahani gani.

Maharage ya nazi na wali nilihangaika nayo muda mrefu, drai ilikuwa inaonekana kali kuliko kawaida kwasababu nazi ina utamu wake na chakula kikiwa kitamu kuliko waini basi waini inachachuka mdomoni. Siku hizi nachukua nusu tamu. Samaki na dagaa sigusi kabisa na nyekundu, inaacha ladha ya chuma mdomoni kama umelamba sarafu. Na Dompo, ile tamu nzito, kilevi chake kiko juu kuliko waini ya kawaida, sio ya kunywa na ugali bwana, hiyo glasi ndogo baada ya kula, na karanga za kukaanga au kashata, inatosha.

Jambo la joto naomba mlichukulie kwa uzito. Wanasema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, chumba chenyewe ni cha Ulaya cha nyuzi 16 mpaka 18, sio sebule ya Dar ya nyuzi 30. Waini ikiwa ya moto kilevi kinakupanda puani na ladha nyingine zote zinajificha. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kula, hata nyekundu, hata ya bei kubwa. Dada yangu yuko Mbagala nilimwambia hivyo akanipigia simu usiku uleule kusema ni kweli.

Na ukinunua angalia chupa imekaa wapi. Niliwahi kununua chupa tatu kwenye duka moja barabarani kwasababu zilipunguzwa bei, zilikuwa zimepangwa dirishani jua linazipiga mchana kutwa. Nikafika nyumbani naona kizibo kwenye mbili kimesukumwa juu kidogo, waini ikipata joto inatanuka ndo inasukuma kizibo, nikafungua inanuka jamu iliyoungua. Zote tatu. Elfu thelathini na sita ile niliisikitikia wiki nzima, kwahiyo sasa hivi hata kama bei imeshuka namwomba muuzaji anitolee ya ndani ya boksi, na kizibo nakipapasa kwa kidole kabla ya kulipa.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi kama tano za mezani, sisi wawili hatuimalizi. Rudisha kizibo weka kwenye friji, siku tatu nne iko sawa. Ikizidi hapo naipeleka kwenye rosti ya Jumatano, namimina glasi moja nyama ikiwa imeshakaangika na vitunguu kabla sijaweka nyanya, naacha ichemke taratibu dakika ishirini mpaka ile harufu ya kilevi itoke ndo nyanya inafuata, na siku hiyo ndimu siweki kabisa kwasababu uchachu umeshatosha. Jumamosi hii wifi kasema anapika makongoro, yale mazito yanayogandisha midomo, na drai ya Makutupora nimeshainunua iko chini ya kabati, gizani.