Maswali ya Wasomaji: Begi Dogo, Safari ya Lamu

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, na upigaji picha ni burudani yangu. Likizo ijayo nitasafiri kwa basi hadi Mombasa, kisha Lamu, nikae huko siku nne. Nina kamera ya Canon yenye sensa (kipokea mwanga) ndogo ya APS-C, lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, ya 50 yenye f/1.8, ya 70-300, flashi, tripodi na kompyuta mpakato. Begi langu la mgongoni ni dogo. Nimekusudia kubeba lenzi ya 50 na ya 70-300, kwa kuwa wenzangu husema ile ya 18-55 ni ya wanagenzi. Je, nimeamua vyema? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Uniwie radhi, mwalimu, lakini lenzi unayotaka kuiacha ndiyo inayopaswa kutangulia kuingia begini. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ni mji wa vichochoro, na katika kichochoro huna nafasi ya kurudi nyuma. Chukua mfano wa mlango wa nakshi unaoukabili ukiwa umeegemea ukuta wa pili, umbali wa mita 2 tu. Kwa kamera yako iliyosimamishwa wima, milimita 18, upande mpana wa lenzi ya 18-55, zitakupa kimo cha mita 2.5 hivi, yaani mlango mzima pamoja na fremu yake, ilhali lenzi ya 50 itakupa kimo kisichofika hata mita moja: utarudi na komeo na sehemu ya nakshi, basi. Wanaoidharau lenzi ya 18-55 wanatazama bei yake, si kazi yake.

Ya 50 ichukue pia, kwani ikiwa ni ile ya STM (yenye mota tulivu ya kulenga) uzito wake ni gramu 160 tu. Faida yake utaiona utakapopita chini ya wikio, kile chumba cha ghorofani kinachovuka kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, ambapo mwanga hupungua ghafla hata adhuhuri. Hapo f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, itakuwezesha kupiga picha ya mtu aliyeketi barazani bila flashi, nayo flashi ibaki Nakuru.

Lenzi ya 70-300 ningeisifu kama ungekuwa unakwenda mbugani. Huko Lamu itakufaa kwa mashua zilizo mbali, lakini vichochoroni itakushawishi kuwavizia watu kutoka mwisho wa njia, jambo ambalo wenyeji, na hasa wanawake, wana haki ya kulichukia. Toa salamu, omba idhini, kisha upige ukiwa karibu. Ukikataliwa, shukuru na upite.

Tripodi haina nafasi katika njia ambayo punda waliopakiwa mizigo hupishana na watu. Kompyuta nayo iache. Picha moja ya RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, ya kamera ya megapikseli 24 huchukua takriban megabaiti 30, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hubeba picha zipatazo 2,000. Beba kadi mbili za kiasi hicho badala ya moja kubwa, usifute chochote hadi urudi nyumbani, na ile iliyojaa ikae mbali na kamera. Ongeza betri moja ya akiba, chaja, kipulizio cha vumbi na kitambaa laini.

Jambo ambalo hukuliuliza ni chumvi. Basi litakushusha Mokowe, upande wa bara, na kutoka hapo utavuka kwa boti, ambako rasharasha za maji hazikosekani. Usibadilishe lenzi ukiwa botini. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, nunua mapema mfuko usiopenya maji, ule unaokunjwa mdomo na kufungwa kwa kifungo. Ukilala katika chumba chenye kiyoyozi, kamera ikae ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo lenzi itafunikwa na ukungu asubuhi, wakati ambapo mwanga ni mzuri kuliko saa nyingine zote.

SWALI: Nitapanda ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Betri za akiba za kamera na pawabenki niziweke katika begi lipi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Katika begi la mkononi, wala si katika mzigo unaokabidhiwa, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya kabini wahudumu wanaweza kuufikia. Kiwango kinachoruhusiwa bila idhini ya shirika la ndege ni saa-wati (Wh, kipimo cha nishati) 100 kwa kila betri. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina Wh 74, na betri ya kawaida ya kamera haifiki hata Wh 20. Ncha za betri za akiba zizibe kwa utepe au uzirudishie vifuniko vyake, zisije zikagusana na funguo au sarafu.