Macho ya manjano kwa mtoto anayelishwa kwa mshipa

Pole sana, dada. Nimekuelewa: mwanao alikatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, analishwa kwa dripu wodini hapa Dodoma, na sasa macho yamekuwa ya manjano. Wangu alipitia hayo hayo, najua usiku wake ulivyo mrefu.

Lishe ya mshipani inamweka hai, lakini ikiendelea muda mrefu ini huweza kuelemewa, hasa utumbo ukikaa bila kazi. Kwa hiyo muulize daktari kama anaweza kupewa maziwa yako kidogo kidogo, hata mililita chache kwa mdomo au mpira wa puani. Kwetu hilo ndilo lililosaidia zaidi. Usianze mwenyewe lakini.

Uliza pia kuhusu mafuta ya kwenye dripu: yale ya soya mara nyingi hupunguzwa ini likisumbua, na yapo yenye mafuta ya samaki, ingawa kuyapata ni shida. Uliza kama dripu inaweza kupumzishwa saa kadhaa kwa siku.

Mrija wa mshipani usiguswe na mikono isiyooshwa, hata ya bibi aliyetoka Kondoa kumwona mjukuu. Maambukizi ya hapo huliumiza ini haraka. Homa ya nyuzi 38 au kutetemeka, mwite muuguzi papo hapo. Vilevile choo cheupe, tumbo kujaa, kutapika damu au usingizi usio wa kawaida.

Dawa za mitishamba za kutibu manjano, tafadhali, usimpe kabisa. Na omba rufaa kwa bingwa wa ini wa watoto mapema.