Ritani ya kodi ya mapato kwa aliyejiajiri: kazi kubwa ni kabla ya kujaza fomu

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako kwa makini. Umesema kwamba uliacha ajira mwaka jana, kwamba sasa unafanya kazi za usanifu kwa wateja kadhaa, ambao baadhi yao hukukata kodi kabla ya kukulipa na wengine hukulipa fedha kamili, na kwamba hujui uanzie wapi kujaza ritani ya kwanza, yaani fomu ya kuitangazia mamlaka mapato na kodi yako ya mwaka, bila mwajiri nyuma yako. Nimejiajiri kwa miaka mingi katika uhariri wa vitabu na ritani zangu huzijaza mwenyewe, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyafanya.

Nitangulize jambo moja: tarehe na viwango uvichukue kwa mamlaka ya mapato ya nchi unakolipia kodi, si kwa mtu wa nchi nyingine, hata kama mnafanya kazi ya aina moja. Nchini Uingereza mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kwisha 5 Aprili, na ritani ya mtandaoni hupokelewa hadi 31 Januari inayofuata. Nchini Marekani tarehe ya kawaida ni 15 Aprili. Nchini Kenya ni 30 Juni. Vilevile, hakikisha mapema uko chini ya utaratibu upi. Zipo nchi zinazomtoza mfanyabiashara mdogo kodi kwa kuangalia mauzo yake tu, bila kumruhusu kutoa gharama, na baadhi ya sheria za namna hiyo huwaacha nje watoa huduma za kitaalamu. Nitakayoyaeleza hapa yanamhusu anayetozwa kwa faida, yaani mapato baada ya kutoa gharama zinazokubalika.

Sasa nije kwenye suala la wateja wanaokukata, kwa kuwa ndilo ninaloona likiwapotezea watu fedha nyingi. Tuseme umetoa ankara ya 100,000 na sheria inamtaka mteja azuie asilimia 5. Benki itaonyesha 95,000. Aliyezoea ajira huona 95,000 ndiyo mapato yake, akaiandika hivyo kwenye daftari na baadaye kwenye ritani. Kwa kufanya hivyo anakosea mara mbili kwa pamoja. Kwanza, mapato yake ni 100,000, na mteja amekwisha kuiarifu mamlaka kiasi hicho, hivyo hesabu zake na zile zilizomo kwenye mfumo hazitalingana, na tofauti ya namna hiyo ndiyo inayoleta barua ya kutakiwa maelezo. Pili, ile 5,000 si hasara wala si gharama. Ni kodi yako uliyokwisha kulipa kupitia mkono wa mteja, na unapaswa kuidai mwishoni ili ipunguze kodi unayodaiwa. Asiyeidai huilipa tena kutoka mfukoni.

Kwa sababu hiyo daftari langu la mapato lina safu hizi kwa kila kazi: tarehe na namba ya ankara, kiasi kamili, kodi iliyozuiwa, kiasi kilichoingia benki, tarehe kilipoingia, na alama ya kuonyesha kwamba cheti cha kodi ya zuio, yaani hati ya mteja inayothibitisha kodi aliyonikata, nimekipokea. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitazama mara nyingi zaidi. Cheti kiombe mwezi uleule uliolipwa, kwa maandishi, huku mhasibu wa mteja akiwa bado anaikumbuka kazi yenyewe. Niliwahi kuwa na mteja aliyenikata kodi kila mara lakini vyeti akawa havitoi, na nilipofuatilia nikakuta kwamba baadhi ya makato hayo hayakuwa yamewasilishwa kabisa. Kilichonisaidia ni ankara, taarifa ya benki na barua pepe nilizokuwa nimemwandikia miezi kadhaa kabla. Bila hizo ningekuwa na neno langu tu dhidi ya lake.

Upande wa gharama, kanuni inayofanana katika nchi nyingi ni kwamba gharama iwe imetumika kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo na iwe na ushahidi. Programu ya usanifu unayoilipia, intaneti, kompyuta, usafiri wa kwenda kwa mteja na ada ya mhasibu huwa haina mzozo mkubwa. Fedha unazojitolea mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani si gharama, hata ukiziita mshahara. Ni sehemu ya faida uliyokwisha kuipata, na kodi yake iko palepale. Simu inayotumika kwa kazi na kwa familia igawanye, na uandike umegawanya kwa msingi gani, kwa kuwa mkaguzi hasumbuki sana na asilimia uliyochagua kama anavyosumbuka na asilimia isiyo na maelezo. Kompyuta na vifaa vya kudumu mara nyingi havitolewi vyote kwa mwaka mmoja, bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa viwango vya uchakavu vilivyowekwa na sheria. Soma viwango vya nchi yako kabla ya kuingiza bei nzima kwenye fomu.

Risiti zipige picha siku hiyohiyo, maana zile za karatasi laini hufutika wino na baada ya mwaka hubaki nyeupe. Zihifadhi kwa muda ambao sheria inautaka, ambao nchi nyingi huuhesabu kwa miaka kadhaa baada ya ritani kuwasilishwa. Na kama huna akaunti ya benki ya kazi peke yake, ifungue wiki hii. Mimi hulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na ikifika siku ya kujaza ritani ninachofanya ni kunakili jumla zilizokwisha kuhakikiwa. Anayengoja mwezi wa mwisho hulazimika kukumbuka malipo ya mwaka mzima, na kumbukumbu haikubaliki kama ushahidi.

Jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo nalihofia zaidi kwa niaba yako, ni mwaka wa pili. Nchi nyingi humtaka aliyejiajiri alipe kodi ya mwaka unaoendelea kwa awamu, kwa makadirio, bila kungoja mwaka uishe. Marekani ina awamu nne. Tanzania nako mlipakodi wa makadirio hulipa kila robo mwaka. Uingereza, aliyefikia kiwango kilichowekwa hulipa 31 Januari baki la mwaka uliopita pamoja na nusu ya makadirio ya mwaka mpya, kisha nusu nyingine 31 Julai. Ona jinsi mizigo miwili inavyokutana: unamalizia deni la mwaka wa kwanza na papo hapo unaanza kulipia wa pili. Mtu aliyetumia kila kilichoingia hawezi kuhimili hilo, hata kama biashara yake inakwenda vizuri. Kwa hiyo tenga fungu la kodi kila malipo yanapoingia, siku ileile, kwenye akaunti ambayo huigusi. Ukiwa na ritani ya mwaka uliopita, gawanya kodi yote kwa mapato yote upate uwiano wako. Mwaka huu wa kwanza, kadiria faida yako, ipitishe kwenye viwango vya kodi vya nchi yako, kisha uongeze kidogo. Kazi zikipungua katikati ya mwaka, angalia kama sheria inakuruhusu kurekebisha makadirio, na ufanye hivyo mapema.

Kuhusu mhasibu, kwa mtu mwenye wateja wachache na asiye na wafanyakazi naona inatosha kumlipa aikague ritani yako ya kwanza badala ya kumwachia aijaze yote. Ukimwachia, bado jina lililo kwenye fomu ni lako na faini itakujia wewe, kwa hiyo nywila ya akaunti yako ya kodi ibaki mikononi mwako na usome kila safu kabla haijatumwa.

Mwaka ukiisha kwa hasara, wasilisha ritani vilevile. Katika nchi nyingi hasara iliyotangazwa huweza kupunguza faida ya miaka inayofuata, ilhali isiyotangazwa haina mahali pa kuanzia. Na ikitokea kwamba umekokotoa kodi ukakuta huna fedha za kuilipa, usiiache ritani kwa sababu hiyo: faini ya kuchelewa kuwasilisha kwa kawaida ni kitu kimoja na riba ya deni ni kingine, hivyo ukiwasilisha kwa wakati unaepuka walau moja. Kisha iandikie mamlaka kuomba kulipa kwa mafungu, ambatanisha ratiba unayoweza kuitimiza, na kila unapolipa hakikisha kwenye mfumo kwamba malipo yameandikwa kwa aina sahihi ya kodi na kwa mwaka unaohusika.