Siku tisa mzigo "uko njiani": unakwama wapi hasa?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ulikabidhi katoni ya vipuri vya mashine ya kumenya kahawa katika ofisi ya mizigo jijini Dar es Salaam, ukalipia ifike Mbinga kwa siku tatu, na leo ni siku ya tisa huku kila ukipiga simu unajibiwa kwamba mzigo uko njiani. Umeuliza mambo mawili: kama mzigo umepotea, na kama ubadili kampuni. Nitajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimekuwa nikituma vipuri vya cherehani kutoka Kariakoo kwenda mikoani kwa miaka kumi na mmoja sasa, na hasara zilizonifundisha kazi hii nyingi zilinipata kwenye barabara hiyohiyo ya kusini.

Kwa niliyoyaona, mzigo wa siku tisa kwa kawaida haujapotea. Umekaa mahali, pengine chini ya meza ya mtu asiyejua kwamba unatafutwa.

Mwezi Aprili mwaka 2022, wiki mbili kabla ya Idi el-Fitri, fundi mmoja wa Songea aliniagiza shato ishirini, bobini, sindano na mikanda ya cherehani. Kipindi hicho mafundi hawalali, na cherehani ikisimama siku moja mteja huchukua kitambaa chake na kukipeleka kwa jirani. Nilifunga boksi la kilo 14 kwa mikono yangu, nikalizungushia solotepu ya kahawia mpaka likang'aa, nikaandika jina na namba ya simu ya fundi kwa kalamu nene ya wino mweusi juu ya solotepu hiyo, kisha nikalipeleka Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, nikalipa shilingi 15,000 na kupewa risiti. Niliambiwa lingefika kesho yake usiku. Lilifika siku ya kumi na tano, Idi imeshaliwa, na fundi wangu akakataa kulipokea kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Katika siku hizo kumi na tano nilipiga simu ofisini mara nyingi mno, na jibu halikubadilika hata kwa neno moja. Siku ya kumi nilichoka, nikarudi Mbezi mwenyewe alfajiri, nikamtafuta kijana aliyepakia mizigo siku ile. Yeye hakunificha. Buti ya basi la Songea ilikuwa imejaa, kwa hiyo boksi langu na mengine mawili yalipandishwa kwenye basi la Tunduma, kwa makubaliano ya mdomo kwamba yangeshushwa Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea huachana na ile ya Mbeya, ili gari lingine liyachukue. Basi lilifika Makambako wakati wa kufuturu. Aliyepaswa kupokea alikuwa ameenda kufuturu, kondakta hakuona mtu, abiria walikuwa wanalalamika, dereva akaondoa gari. Boksi langu likaendelea na safari hadi mpakani mwa Zambia, zaidi ya kilomita 250 nje ya njia yake.

Kule Tunduma wakala alilipokea, akalitazama, akashindwa kumpigia mtu yeyote. Wino ulioandikwa juu ya solotepu haushiki, na kwa kusuguana na mabegi njia nzima tarakimu tatu za mwisho zilikuwa zimefutika kabisa, limebaki doa jeusi. Aliniambia kwa simu kwamba alijaribu kubahatisha tarakimu, akaishia kutukanwa na mtu wa Shinyanga. Ikabidi alisukume chini ya meza akisubiri mwenyewe ajitokeze. Kwa hiyo sehemu ya kosa ilikuwa yangu, na ninaikiri: tangu siku ile ninaandika kwenye boksi lenyewe au kwenye karatasi, kisha ndipo ninapitisha solotepu juu yake, na ninaweka karatasi ya pili yenye jina na namba mbili za simu ndani ya boksi.

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo mizigo yetu hukwama. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam hadi Songea basi huimaliza ndani ya siku moja, na kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita mia moja tu. Hata ukiongeza matairi kupasuka na mizani, hupati siku tisa. Siku hizo hupatikana pale mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila mtu kuandika popote kwamba ameupokea. Mzigo wako una makabidhiano yasiyopungua mawili: kutoka ofisini kwenda kwenye gari la Songea, na kutoka Songea kwenda kwenye gari dogo la Mbinga. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, magari yamekuwa mengi, jambo ambalo ni zuri kwetu, lakini pia makabidhiano mengi sasa hufanyika saa nane au saa tisa za usiku, kwenye baridi ya Makambako au Njombe, na anayepokea ni mlinzi ambaye asubuhi anakabidhi zamu na kwenda kulala.

Ndiyo maana dada anayejibu simu Dar es Salaam anasema "uko njiani". Hadanganyi kwa makusudi. Rekodi yake ya mwisho ni gari kuondoka, na baada ya hapo hana macho. Lakini hapo ndipo lawama yangu kwa kampuni ilipo, na siwezi kuipunguza: zinachukua fedha kwa ahadi ya siku tatu huku zikijua kwamba hazina namna ya kuuona mzigo baada ya siku ya kwanza. Mimi ningempenda zaidi mtu anayeniambia wiki moja na ikawa wiki moja. Wakala mmoja wa Njombe aliwahi kunieleza kwamba malipo yake hutokana na mizigo anayoipokea kwa wateja wake ili itumwe. Ule unaopita kwake kwenda kwingine haumwingizii senti, bali unamjazia stoo. Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini hakuna anayeamka usiku kuuhangaikia.

Umegusia pia kwamba vipuri vingine umeviagiza China na namba ya ufuatiliaji haijasogea tangu mwezi uliopita. Hilo ni jambo tofauti, na mara nyingi halitishi kama linavyoonekana. Kama namba yako ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi CN mwishoni, mzigo unapitia mfumo wa posta za nchi zilizo katika Umoja wa Posta Duniani. Baada ya kuandikwa kwamba umeondoka Guangzhou, taarifa inayofuata huja pale unapopokewa na kusomwa Dar es Salaam, na katikati hapo hata ukifungua ukurasa mara ishirini kwa siku hutaona kitu. Namba zinazoanza na herufi U aghalabu ni za vifurushi vidogo vya bei rahisi ambavyo havifuatiliwi kikamilifu vikishatoka kwao, kwa hiyo muuzaji aliyekwambia utauona mzigo hatua kwa hatua alikuuzia asichokuwa nacho.

Ukishafika, huweza kukaa tena forodhani. Ushuru hukadiriwa kwa bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima, halafu juu yake huja VAT ya asilimia 18, na ofisa hawezi kukadiria kama ndani ya kifurushi hakuna ankara, au kama muuzaji ameandika "zawadi, dola 2" juu ya gia ya chuma ya kilo sita. Watu wengi hufurahia uongo huo wa muuzaji wakidhani wamesaidiwa, kisha wanashangaa kwa nini kifurushi kimekaa wiki tatu. Mimi humwomba muuzaji aweke ankara yenye bei ya kweli nje ya boksi, ndani ya mfuko wa nailoni. Nalipa zaidi kidogo, napata mzigo.

Kama umetumia kampuni za ndege, waulize pia kuhusu uzito wa ujazo. Niliwahi kuagiza vifuniko vya plastiki vya cherehani, kilo 7 kwenye mizani, katika boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Ukizidisha vipimo hivyo na kugawanya kwa 5,000, kama kampuni nyingi zinavyofanya, unapata kilo 24, na hizo ndizo nilizodaiwa. Boksi lilikuwa limeshafika Dar es Salaam na limekaa stoo siku kumi na moja likisubiri nilipe tofauti ambayo hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Nilikuja kuambiwa nilipokwenda mwenyewe, na nikaelezwa kwa upole kabisa, kana kwamba ni mimi niliyechelewa.

Turudi kwenye katoni yako ya Mbinga. Acha kupiga simu Dar es Salaam. Omba namba ya wakala wa Songea, na umwombe kwa heshima aangalie stoo kwa macho yake, ukimtumia picha ya katoni kama unayo, au walau umweleze rangi yake, ukubwa wake na namna ulivyoifunga. Ukimpa jina pekee atatafuta kwenye daftari, na kwenye daftari haimo. Asipoiona, piga Njombe, kisha Makambako, na ukikosa huko, ulizia Mbeya na Tunduma bila kuona aibu. Mzee wako anayeisubiri Mbinga naye aende ofisi ya huko ana kwa ana, kwa sababu katika anwani zetu hakuna kinachomfikia mtu zaidi ya namba ya simu. Tulipewa majina ya mitaa, namba za nyumba na postikodi za tarakimu tano, vibao vikasimikwa, lakini mwenye bodaboda bado hukupigia akiwa chini ya mwembe na kuuliza uko wapi, na simu yako ikiwa imezimika siku hiyo, mzigo unarudi stoo kuanza upya.

Wakati huohuo andika malalamiko kwa kampuni, kwa maandishi, ukitaja tarehe, namba ya risiti na thamani ya mali. Usafirishaji wa vifurushi na vipeto unahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na malalamiko ambayo mtoa huduma ameshindwa kuyamaliza yanaweza kupelekwa huko, lakini utaulizwa kwanza ulimwandikia nani na alikujibu nini. Malalamiko ya simu hayahesabiwi. Geuza pia risiti yako usome maandishi madogo ya nyuma. Kwenye ile yangu iliandikwa kwamba kampuni haitahusika na mali ambayo thamani yake haikutajwa wakati wa kupokelewa, na mimi sikuwa nimetaja chochote zaidi ya neno "vipuri". Nilirudishiwa nauli yangu, shilingi 15,000, na shato ishirini zikakaa dukani mpaka msimu wa shule.

Kuhusu kubadili kampuni, nimebadili mara nne, na nimegundua kwamba wote hukutana Makambako ileile. Siku hizi nachagua ofisi kwa jambo moja: kama karani anayepokea mzigo dirishani atakubali kuniandikia kwenye risiti namba ya gari na namba ya simu ya kondakta kabla basi halijaondoka. Anayekataa, ninachukua boksi langu na kwenda dirisha la jirani. Kwa hiyo itazame risiti yako usiku huu. Kama namba ya gari haimo, kesho fika ofisini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wakati wapakiaji bado wako kwenye buti, na uwaulize wao ni gari gani lilibeba katoni ya Mbinga siku ile. Huyo wa dirishani atakwambia uko njiani.