Simama Kituoni Jioni

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi kwenye idara za mipango, karibuni kazini. Najua mmetoka chuoni na majedwali ya malengo na viashiria kichwani. Yawekeni pembeni kidogo, yatahitajika wakati wa bajeti.

Mimi nilianzia kwenye mji mdogo unaofuata ukishatoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Sitautaja. Watu hulala pale na kufanya kazi mjini. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa soko: vizimba vya zege, choo, taa, kila kitu. Siku ya uzinduzi tulipiga picha. Miezi michache baadaye vizimba vilikuwa vinahifadhi magunia ya mkaa.

Kosa lilikuwa upande wa barabara. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo anayerudi kutoka Dar hushuka upande mmoja, na soko letu lilikuwa ng'ambo, wanakosubiria magari ya asubuhi. Asubuhi nani ananunua mchicha wa kwenda nao ofisini? Jioni ndiyo kuna biashara, ila mtu amesimama kwenye daladala tangu Kimara, amebeba viatu mkononi, halafu umwambie avuke barabara kuu katikati ya malori akafuate nyanya!

Mama mmoja aliyekataa kizimba chetu ndiye aliyenifundisha. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hatua tatu kutoka mlango wa daladala, taa ya sola shingoni, mafungu yameshapangwa ya mia tano na ya elfu. Chenji alikuwa nayo tayari kwenye kiganja. Nilipomuuliza kwa nini hataki kuhamia sokoni akanijibu, "Mwanangu, mteja wangu ana dakika moja." Nilikuwa nimeandika kurasa themanini bila kuijua hiyo dakika.

Basi kabla hujaandika chochote, kasimame kituoni saa kumi na moja alfajiri, kisha urudi saa mbili usiku. Siku ya kazi, siyo Jumapili.

La pili, msidanganyike na mabati mapya. Nyumba kuongezeka si sawa na mapato ya ndani ya halmashauri kuongezeka. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, haiingii moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri. Ushuru wa huduma tuliutoza asilimia 0.3 ya mauzo, na mauzo makubwa ya wakazi wetu yalifanyika Kariakoo. Mnabaki na watu wanaodai barabara, zahanati na madarasa, huku fedha yao wameshaiacha njiani.

Lakini ipo fedha inayobaki, nami niliipita kila siku bila kuiona: ujenzi. Wafyatua tofali, wenye magari ya mchanga, maduka ya saruji, mafundi wanaochomelea mageti hadi usiku. Mpango wetu ulisema uchumi wa mji ni korosho, kwa sababu mpango wa mwaka uliotangulia ulisema hivyo, na nadhani uliotangulia huo pia. Ukirithi faili, usirithi na sentensi zake.

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani nayo, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, msiigawe kwa kusoma andiko la kikundi peke yake. Sisi tulipitisha vikundi vya kuku wa mayai hadi bei ya trei ikashuka, wakaanza kugombania wateja wenyewe kwa wenyewe.

Ardhi sitaisema sana: fanyeni urafiki na afisa mipango miji wiki ya kwanza. Eneo la stendi na soko litengwe likiwa bado pori, maana mtu akishamwaga msingi, fidia yake itameza bajeti ya miaka miwili.

Yule mama bado yuko palepale. Sasa ana mwavuli, na tulichomjengea safari hii ni kijukwaa cha zege cha kukalia na mtaro wa kupitisha maji. Kiligharimu kidogo kuliko choo cha soko.