Mcharuko, presha, na vidonge nilivyomeza kwa ajili ya goti

Goti langu la kulia lilianza kunisumbua mwaka jana wakati wa masika. Ualimu ni kazi ya kusimama, na kufika kipindi cha nne nilikuwa naandika ubaoni huku nimeegemea meza. Presha ninayo mwaka wa sita sasa. Natumia losartani na haidroklorothiazaidi, ambayo ni dawa ya kukojoza, na presha ilikuwa imetulia.

Shemeji yangu akaja na habari aliyotumiwa kwenye simu, kwamba presha inatokana na mcharuko, yaani ule uvimbe na joto mwili unapopambana na jeraha au vijidudu, ndani ya mishipa ya damu. "Shemeji," akaniambia, "basi dawa ya kutuliza mcharuko itakutibu vyote viwili." Maneno yakaniingia. Nikanunua diklofenaki duka la dawa, nikameza asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Goti likatulia kweli. Ila miguu ikaanza kuvimba, viatu vikanibana. Siku ya kliniki mashine ikasoma 178/104. Muuguzi akarudia mkono wa pili, kisha akaniuliza, "Mama, mbali na hizi za presha, unameza nini kingine?"

Naandika haya kwa sababu kosa langu lilisimama juu ya jambo la kweli, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanayotupata wengi.

Mcharuko upo. Ukichomwa na mwiba, kidole kinakuwa chekundu, kinapata joto na kuvimba, maana askari wa mwili wamefika kupigana. Kwa mwenye presha, askari hao hao, yaani chembe nyeupe za damu, hujipenyeza kwenye kuta za mishipa na ndani ya figo, wakakaa miaka bila dalili yoyote. Kemikali wanazotoa huufanya mshipa ushindwe kulegea, na figo nazo zinang'ang'ania chumvi na maji. Presha inapanda. Ikipanda inaumiza ukuta wa mshipa, na jeraha hilo linaita askari wengine. Hivyo ndivyo vichujio vya figo vinavyopata makovu, msuli wa moyo unavyonenepa na kukakamaa, na mishipa midogo ya macho na ubongo inavyoharibika.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha jambo hili kwa panya waliozaliwa bila chembe za kinga ziitwazo T na B. Walipewa homoni ya kupandisha presha, na haikupanda kama kwa panya wengine. Waliporudishiwa chembe za T, ikapanda.

Kwa nini basi tusimeze tu dawa ya mcharuko? Mwaka 2017 yalitoka majibu ya utafiti wa sindano iitwayo kanakinumabu, kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Mcharuko ulishuka, mashambulio mapya ya moyo yakapungua, lakini presha haikushuka, na vifo vya maambukizi viliongezeka. Na hiyo ni dawa iliyolenga kemikali moja tu.

Diklofenaki na ibuprofeni ni habari nyingine kabisa. Zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo figo inazihitaji ili mishipa yake ibaki wazi. Figo ikikosa damu ya kutosha inabakiza chumvi na maji, ndiyo maana viatu vilinibana. Losartani nayo inapunguziwa nguvu. Daktari alichora pembetatu kwenye karatasi: losartani, dawa ya kukojoza, diklofenaki. Akasema zikikutana tatu hizo figo zinaweza kufeli ghafla, hasa ukiwa umeharisha au hujanywa maji. Kreatinini yangu, yaani taka kwenye damu ambayo figo huichuja, ilikuwa imepanda. Nililia pale pale.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye presha, ukiumwa mgongo au goti, mtajie muuza dawa vidonge vyako vyote kabla hajafungua kabati. Dawa za presha usiziache. Mimi nilipewa parasetamoli ya siku chache na mazoezi ya kuimarisha paja, na yamenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Mcharuko wenyewe tunaupunguza taratibu, kwa kuacha sigara, kupunguza kitambi, kutembea, kutibu fizi zinazotoka damu. Na chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya paketi. Kwangu hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Omba pia kipimo cha protini kwenye mkojo. Ni kipimo rahisi, na kinaonyesha figo zinazoumia kabla hujahisi chochote.

Wiki ya nne bila diklofenaki nilisoma 138/86. Kreatinini ilirudi kawaida, lakini protini kidogo bado inaonekana, nami napimwa kila baada ya miezi mitatu. Shemeji naye ana presha, na hajawahi kupimwa mkojo hata mara moja. Jumatatu tunakwenda kliniki pamoja.