Mchezo Uliopakiwa na Mtumiaji Uwe na Domeni Yake

Tovuti yetu inawaruhusu walimu kupakia mazoezi ya kubofya ya HTML na JavaScript. Kichujio chetu kinafuta kila tagi ya script. Yatosha? (Kisumu)

Haitoshi. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara anayeuliza ameshakiandika kichujio. Skripti, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, hujificha hata kwenye onerror ya picha, sehemu inayoendeshwa picha ikishindwa kufunguka. Mwaka 2005 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikuwa na vichujio vyake. Mtumiaji mmoja, Samy Kamkar, akavipenya kwa skripti inayojisambaza, na katika muda usiofika siku moja kurasa zaidi ya milioni moja za watumiaji zikaambukizwa. Tena zoezi lenyewe haliendi bila skripti, sasa unachuja nini?

Litenge. Liweke kwenye domeni nyingine kabisa isiyo na kuki za kuingilia (vitambulisho ambavyo kivinjari hutunza mtu akishaingia kwenye akaunti), kisha ulionyeshe ndani ya iframe (fremu inayoonyesha ukurasa mwingine ndani ya wenu) yenye sandbox="allow-scripts", kizuizi kinachoruhusu skripti lakini kinaitenga na tovuti yenu. Wengi huongeza allow-same-origin, inayoirudishia fremu haki za domeni ilikotoka, kwa sababu kuna kitu kimekataa kufanya kazi. Faili likitoka kwenye domeni yenu, viwili hivyo pamoja vinaipa skripti uwezo wa kuiondoa sandbox yenyewe.

Domeni ni gharama. Domeni ndogo chini ya ile kuu haifai? (Nakuru)

Ni afadhali kuliko kuchanganya, lakini ukurasa wa domeni ndogo unaweza kupandikiza kuki kwenye domeni kuu. Ndiyo maana mwaka 2013 GitHub ilihamishia kurasa za watumiaji github.io. Nunueni domeni. Akaunti za walimu zikiibwa mtalipa zaidi.

Sisi tunapokea picha tu: PNG na SVG. (Kakamega)

SVG hubeba skripti. Igeuzeni iwe PNG, na seva itume nosniff, agizo linalokizuia kivinjari kukisia aina ya faili.

Mchezo unaturudishia alama za mwanafunzi kwa postMessage, njia ya fremu kuutumia ukurasa ujumbe. Tuziamini? (Bungoma)

Msiziamini. Fremu iliyofungwa hivyo hujitambulisha kwa origin (chanzo) "null", isiyotaja domeni yoyote, kwa hiyo hakikisheni event.source, yaani aliyetuma ujumbe, ni dirisha la fremu yenu. Pokeeni namba peke yake, kamwe msipokee HTML ya kubandika. Hata hivyo, mwanafunzi mjanja atajiandikia 100 akiwa kwenye kivinjari chake. Alama za mtihani zikokotolewe kwenye seva.

Hamkuuliza, ila nawaonya: msiweke jina la mtoto wala namba yake ya usajili kwenye anwani ya iframe. Aliyeandika mchezo ataisoma na anaweza kuituma kokote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data za mtoto, na mzazi hakuwapa ya kumgawia mtu msiyemjua.